Maswali ya Wasomaji: Namba 2,147,483,647

Safari hii barua nyingi zimeangukia namba moja. Wengine wameikuta kwenye kanzidata, wengine darasani, na mmoja kwenye programu ya kuchagua washindi wa zawadi. Tumeziweka pamoja kwa sababu jibu la moja linasaidia kuelewa la nyingine. Popote tunapoandika M hapa chini, tunamaanisha 2,147,483,647, ambayo ni 2³¹ − 1: zidisha 2 kwa 2 mpaka zitimie mbili 31, kisha toa 1.

Swali: Ndugu wahariri, natunza orodha ya wanachama wa SACCOS yetu kwenye MySQL, programu ya kanzidata. Juzi niligundua wanachama wengi wana namba moja ya simu: 2147483647. Wengine namba zao zipo, ila sifuri ya mbele imepotea. Kuna mtu ameingilia mfumo? (Mweka hazina, Mwanza)

Jibu: Hapana, hakuna aliyeingia. Safu yako ya simu imetengenezwa kuwa INT. Aina hiyo hutumia biti 32, yaani nafasi 32 za 0 au 1, na namba kubwa kabisa inayoweza kukaa humo ni M. Namba ya Tanzania ikiandikwa kwa 255 mbele ina tarakimu 12, yaani haipungui bilioni 255. Haiingii. MySQL ikiwa nje ya hali ya ukali (strict mode, inayokataa data isiyofaa) haikatai: inaandika namba kubwa kabisa inayoweza, inatoa onyo ambalo hakuna anayelisoma, kisha inaendelea. Hali ya ukali ikiwashwa, kama ilivyo kawaida tangu toleo la 5.7, ungepata kosa namba 1264 siku ya kwanza na usingefika hapa.

Wale waliosalimika ni walioandikwa kwa 06 au 07. Ukiondoa sifuri, zinabaki tarakimu tisa, na kila namba ya namna hiyo iko chini ya bilioni moja. Ndiyo maana majaribio ya mwanzo huwa yanakubali: anayejaribu mfumo huandika namba yake kwa sifuri kama alivyozoea.

Kwanza chukua nakala rudufu ya kanzidata nzima. Halafu hesabu hasara:

SELECT COUNT(*) FROM wanachama WHERE simu = 2147483647;

Kisha badilisha safu iwe ya maandishi:

ALTER TABLE wanachama MODIFY simu VARCHAR(15);

Herufi 15 zinatosha, kwa kuwa namba ya kimataifa ya simu haizidi tarakimu 15 bila alama ya kujumlisha. Baada ya hapo rudisha zile zenye tarakimu tisa kwenye umbo moja:

UPDATE wanachama SET simu = CONCAT('255', simu) WHERE CHAR_LENGTH(simu) = 9;

Kama una wanachama wenye laini za Kenya au Uganda, usiendeshe amri hiyo ya mwisho kabla ya kuwatenga, la sivyo utawapa wote 255.

Zile zilizogeuka M hazirudi. Tarakimu za asili hazikuhifadhiwa popote ndani ya jedwali, hivyo kubadili safu hakuzifufui. Ziweke NULL, yaani tupu, ili zisitumiwe ujumbe kwa makosa, kisha tafuta fomu za karatasi au nakala ya zamani. Na mtu akikushauri utumie BIGINT (aina ya namba ya biti 64) badala ya VARCHAR (maandishi), mkatalie kwa upole. Namba itaingia kweli, lakini sifuri ya mbele itaendelea kupotea. Namba ya simu haijumlishwi wala haizidishwi. Ni maandishi yanayotokea kuwa na tarakimu tu.

Swali: Mwalimu wetu alisema M ni namba tasa na kwamba mtu aliithibitisha kwa mkono zamani kabla ya kompyuta. Nimejaribu kugawa kwa 3, 7, 11 na 13 nikachoka. Aliwezaje? (Mwanafunzi wa Kidato cha Sita, Iringa)

Jibu: Aliyefanya hivyo ni mwanahisabati Leonhard Euler, na kufikia mwaka 1772 alikuwa ameshamaliza kazi. Hakuwa na haraka kuliko wewe. Alijua tu vigawo gani havina haja ya kujaribiwa.

Tuanze na njia ya darasani. Kama M ingekuwa zao la namba mbili, ndogo kati yao isingezidi kipeuo cha pili cha M. Kipeuo hicho kiko kati ya 46,340 na 46,341. Kwa hiyo inatosha kujaribu namba tasa zisizozidi 46,340, nazo ni karibu 4,800. Kwa mkono ni kazi ya miezi.

Sasa punguza. Chukulia q ni namba tasa inayogawa M bila baki. Maana yake 2³¹ ikigawanywa kwa q inabakiza 1. Kanuni ndogo ya Fermat inatuambia kwamba 2 kwa kipeo cha q − 1 nayo inabakiza 1. Kipeo kidogo kabisa chenye tabia hiyo lazima kiwe kigawo cha vipeo vingine vyote vyenye tabia hiyo. Kwa kuwa 31 ni tasa, kipeo hicho ni 1 au 31. Hakiwezi kuwa 1, maana 2 yenyewe ingebakiza 1, na hilo halitokei kwa q yoyote. Basi ni 31, na 31 inagawa q − 1. Zaidi ya hapo q ni witiri, hivyo q − 1 ni shufwa. Matokeo: q − 1 ni kigawe cha 62.

Kipunguzo cha pili. Kama 2³¹ inabakiza 1, basi 2³² inabakiza 2. Lakini 2³² ni mraba wa 2¹⁶. Kwa hiyo upo mraba unaobakiza 2 ukigawanywa kwa q, na jambo hilo hutokea tu kwa namba tasa witiri zinazobakiza 1 au 7 zikigawanywa kwa 8.

Unganisha masharti mawili. KDS (kigawe kidogo cha shirika) ya 62 na 8 ni 248, na baki zinazokubalika ni mbili tu: 1 na 63. Kigawo chochote tasa cha M lazima kiwe na umbo 248n + 1 au 248n + 63.

Ziandike uone zinavyopukutika. 63 si tasa. 249 ni 3 × 83. 311 ni tasa, ishike. 497 ni 7 × 71. 559 ni 13 × 43. 745 inaishia na 5. 807 na 993 zinagawanyika kwa 3. 1055 inaishia na 5. 1241 ni 17 × 73. 1303 ni tasa, ishike. Ukiiacha 63, hadi 46,340 zipo namba 372 za maumbo hayo mawili, na zilizo tasa ni 84. Kutoka karibu 4,800 hadi 84: kazi ya miezi imekuwa kazi ya siku chache za mtu mwenye subira.

Kujaribu kimoja kimoja ni hivi. Kwa 311: M ÷ 311 inatoa 6,905,092 na ushee. Zidisha 311 × 6,905,092, unapata 2,147,483,612. Toa kutoka M, baki ni 35. Si sifuri, 311 imeondoka.

Kikokotoo cha dukani chenye nafasi nane hakiwezi kuandika M, na hapo wengi hukwama. Kuna njia inayotumia namba ndogo tu: panda kwa miraba. Tuseme q ni 1303. 2⁸ ni 256. Mraba wake ni 65,536, toa 1303 mara 50, inabaki 386. Hiyo ni 2¹⁶. Mraba wa 386 ni 148,996, toa 1303 mara 114, inabaki 454. Hiyo ni 2³². Nusu yake, 227, ni 2³¹. Toa 1: baki ni 226. Kama namba ya 2³² imetoka witiri, iongezee q kwanza ndipo ugawe kwa 2. Na baki ikizidi nusu ya q, itoe kutoka q kabla ya kuipandisha mraba. Jibu ni lilelile na namba zinabaki fupi. Kwa njia hii kikokotoo cha nafasi nane kinakufikisha karibu na q = 20,000. Zaidi ya hapo miraba inapita nafasi nane, utahitaji kikokotoo cha kisayansi.

Ukimaliza zote 84 bila kupata baki ya sifuri, umethibitisha. Si kukisia wala si "uwezekano mkubwa". Ila ukiruka hata moja kwa makosa, uthibitisho wote umeanguka, kwa hiyo andika baki ya kila moja kwenye daftari.

Swali: Wanafunzi wangu wameshika kwamba ukichukua namba tasa p, basi 2ᵖ − 1 nayo ni tasa. Wamejaribu 2, 3, 5 na 7, zote zimekubali. Niwaambieje? (Mwalimu wa hisabati, Kakamega)

Jibu: Mwalimu, wape 11. 2¹¹ − 1 ni 2,047, na 23 × 89 ni 2,047. Imekwisha.

Kinachokubalika ni upande wa pili: 2ᵖ − 1 ikiwa tasa, p lazima iwe tasa. Kwa mfano 2³² − 1 ni 4,294,967,295, nayo inavunjika vipande vipande: 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537. Ilitarajiwa, maana 32 si tasa.

Wanafunzi wako wasione haya. Pietro Cataldi, mwanahisabati wa Bologna, mwanzoni mwa karne ya 17 alisema vipeo 23, 29, 31 na 37 vyote vinatoa namba tasa. Alipata kimoja tu, 31. 2²³ − 1 inagawanyika kwa 47, 2²⁹ − 1 kwa 233, na 2³⁷ − 1 kwa 223. Marin Mersenne, ambaye namba hizi zinaitwa kwa jina lake, alitoa orodha yake mwaka 1644 nayo ina makosa: aliingiza 67 na 257 zisizostahili, akaacha 61, 89 na 107. Zoezi zuri la kipindi kimoja ni kuwapa darasa 8,388,607, ambayo ni 2²³ − 1, na kuwaambia kigawo chochote kina umbo 46n + 1. Cha kwanza kabisa, 47, kinaigawa. Watacheka.

Swali: Nasoma programu chuoni. Nataka kompyuta yangu ithibitishe kuwa M ni tasa bila kugawa kwa kila kitu. Nimeambiwa kuna jaribio la mistari mitatu, lakini langu linatoa jibu lisilo sifuri. (Msomaji, Dodoma)

Jibu: Ni jaribio la Lucas na Lehmer. Anza na 4. Kila hatua: pandisha mraba, toa 2, chukua baki baada ya kugawa kwa 2ᵖ − 1. Fanya hatua p − 2. Ukipata 0, namba ni tasa. Ukipata kingine chochote, si tasa. Kwa p = 31 ni hatua 29. Kwa Python:

s = 4
for i in range(29):
    s = (s*s - 2) % 2147483647
print(s)

Inatoa 0. Kama yako haitoi 0, angalia mambo matatu.

La kwanza, idadi ya hatua. Kosa la kawaida ni kufanya 30 au 31. Ukipita hatua ya 29, 0 inageuka −2, yaani M − 2, halafu 2, na 2 inabaki 2 milele.

La pili, ukubwa wa namba. Linganisha na thamani hizi: hatua ya 1 ni 14, ya 2 ni 194, ya 3 ni 37,634, ya 4 ni 1,416,317,954, ya 5 ni 669,670,838. Ukiwa sahihi mpaka hatua ya 4 kisha ya 5 ikaharibika, umetumia namba za biti 32. Mraba wa 37,634 unaingia humo kwa shida, lakini mraba wa 1,416,317,954 ni kama 2 ikifuatiwa na sifuri 18. Tumia biti 64 za C au Java, zinatosha. Kwenye JavaScript namba ya kawaida ni sahihi hadi 9,007,199,254,740,991 tu, hivyo tumia BigInt. Excel haifai hapa: inashika tarakimu 15, zinazobaki inazigeuza sifuri bila kukuambia.

La tatu ni alama ya kutoa. Katika C na Java baki ya namba hasi ni hasi. Ukipata hasi, ongeza M.

Hatua ya 28 inapendeza. Inatoa 65,536 kamili, ambayo ni 2¹⁶. Mraba wake ni 4,294,967,296. Toa 2 upate 4,294,967,294, ambayo ni M mara mbili. Ndiyo sifuri yako. Na ukitaka kuona jaribio likikataa, weka p = 11: baada ya hatua 9 unapata 1,736.

Swali: Je, ni kwa sababu M ni tasa ndiyo maana kompyuta zimeichagua kuwa kikomo? (Msomaji, Zanzibar)

Jibu: Hapana, ni sadfa, na imepotosha wengi. Kikomo kinatokana na biti. Ukiwa na biti 32 na ukatenga moja kwa ajili ya alama ya hasi, zinabaki 31, na zote zikiwa 1 unapata 2³¹ − 1. Angalia ndugu zake. Biti 8 zina kikomo 127, ambayo ni tasa. Biti 16 zina 32,767, nayo ni 7 × 31 × 151. Biti 64 zina 9,223,372,036,854,775,807, ambayo inagawanyika kwa 7 hata mara mbili. Kompyuta haijali.

Upande wa hasi unafika −2,147,483,648, moja zaidi, kwa sababu sifuri imechukua nafasi kwenye nusu ya chanya. Hapo kuna mtego: ukibadilisha alama ya −2,147,483,648 ndani ya biti 32, jibu sahihi halina pa kukaa, na katika Java unarudishiwa namba ileile hasi.

Kwa wanaotengeneza programu za fedha: ukihifadhi pesa kwa senti ndani ya biti 32, unaishia shilingi 21,474,836.47. Kwa shilingi ya Tanzania hiyo haifiki bei ya magari mengi yaliyotumika. Tumia DECIMAL au biti 64.

Swali: Nasikia kompyuta zitachanganyikiwa mwaka 2038. Hili ni kama lile la mwaka 2000? Na kwa saa zetu ni saa ngapi? (Msomaji, Mombasa)

Jibu: Mifumo mingi huhesabu wakati kwa sekunde tangu usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 1970, saa ya Greenwich. Sekunde hizo zikihifadhiwa kwa biti 32, kikomo ni M. Unaweza kupiga hesabu mwenyewe. Siku ina sekunde 86,400. M ukigawa kwa 86,400 ni siku 24,855, zinabaki sekunde 11,647, yaani saa 3, dakika 14 na sekunde 7. Kutoka 1970 hadi mwisho wa 2037 ni miaka 68: 68 × 365 ni 24,820, ongeza siku 17 za miaka mirefu kuanzia 1972 hadi 2036, jumla 24,837. Zinabaki siku 18 baada ya tarehe 1 Januari 2038, hivyo ni tarehe 19. Na 24,855 ukigawa kwa 7 inabaki 5. Tarehe 1 Januari 1970 ilikuwa Alhamisi, hesabu siku tano mbele, Jumanne.

Kwa Afrika Mashariki ongeza saa tatu. Ni Jumanne, 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi. Sekunde inayofuata, mfumo usiorekebishwa utasoma −2,147,483,648, na hiyo ni Ijumaa, 13 Desemba 1901, saa 20:45:52 ya Greenwich.

Linafanana na la mwaka 2000 kwa kuwa nafasi ni finyu. Tofauti ni kwamba hili limejificha zaidi, maana hakuna anayeona sekunde kwenye skrini. Kompyuta na simu za biti 64 kwa kawaida ziko salama, na Linux ya mashine za biti 32 imepata uwezo wa kuvuka kuanzia toleo la 5.6 la mwaka 2020, ilimradi na programu zilizo juu yake zijengwe upya. Panapotisha ni vifaa vidogo vilivyofungwa ukutani na kusahauliwa, na kanzidata za zamani.

Wala usingoje 2038. Mkopo wa miaka 15 uliotolewa 2024 unaisha 2039, na tarehe hiyo inaandikwa leo. Katika MySQL safu ya TIMESTAMP inaishia kwenye M. DATETIME inafika mwaka 9999. Kagua kila safu ya tarehe za mbele: mwisho wa mkopo, kustaafu, kuisha kwa leseni. Ukitaka kujaribu, peleka mbele saa ya mashine ya majaribio isiyounganishwa na chochote. Ukifanya hivyo kwenye seva inayofanya kazi, vyeti vyote vya usalama vitaonekana vimekwisha muda na watu watafungiwa nje.

Swali: Namba timilifu ni nini, na M inahusikaje? (Msomaji, Bujumbura)

Jibu: Ni namba iliyo sawa na jumla ya vigawo vyake ukiiacha yenyewe. 6 ni 1 + 2 + 3. 28 ni 1 + 2 + 4 + 7 + 14. Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, alionyesha kwamba 2ᵖ − 1 ikiwa tasa, basi ukiizidisha kwa 2 yenye kipeo pungufu kwa moja kuliko p unapata namba timilifu, na Euler akathibitisha kwamba zote zilizo shufwa zina umbo hilo. M inatupa ya nane: 2³⁰ × M = 2,305,843,008,139,952,128.

Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kuwa huenda hiyo ndiyo kubwa kabisa itakayowahi kupatikana, kwa kuwa namba hizi ni za udadisi tu na hazina faida, hivyo hakuna atakayejisumbua. Walijisumbua. Oktoba 2024 ilitangazwa kwamba 2 kwa kipeo cha 136,279,841, ukitoa 1, ni tasa. Ina tarakimu 41,024,320.

Swali: Tunatumia programu ya zamani kuchagua washindi wa zawadi za wateja. Ndani yake nimeona namba 16807 na 2147483647. Zinafanya nini, na tuiamini? (Msomaji, Nairobi)

Jibu: Hapa utasa wa M unafanya kazi ya kweli. Hiyo ni mashine ya kutoa namba za kubahatisha ya mtindo wa D. H. Lehmer, kwa kipimo kilichopendekezwa na Park na Miller mwaka 1988. Namba mpya ni ya zamani mara 16,807, kisha baki ya kugawa kwa M. Ukianza na 1 unapata 16,807, halafu 282,475,249, halafu 1,622,650,073.

Kwa kuwa M ni tasa, kuna vizidishi vinavyopitia kila namba kuanzia 1 hadi 2,147,483,646, kila moja mara moja, kabla ya kurudi mwanzo. 7 ni kimojawapo. 16,807 ni 7 kwa kipeo cha 5, nayo imerithi tabia hiyo kwa sababu 5 si kigawo cha M − 1, ambayo ni 2 × 3² × 7 × 11 × 31 × 151 × 331. Kama wangechukua kipeo cha 3, mzunguko ungekuwa theluthi tu ya huo.

Kujua kama programu yako imeandikwa sawasawa, ianzishe na 1 na uiendeshe hatua 10,000. Lazima itoe 1,043,618,065. Isipotoa, tatizo karibu kila mara ni zao lililozidi biti 32. Programu za zamani zilikwepa hilo kwa namba 127,773 na 2,836, kwa sababu 16,807 × 127,773 + 2,836 ni M: gawa namba ya sasa kwa 127,773, zidisha baki kwa 16,807, toa 2,836 mara sehemu nzima, na jibu likiwa hasi ongeza M. Ukizikuta ndani, usizifute ukidhani ni takataka. Jambo jingine, kamwe usianze na 0, maana 0 mara chochote ni 0 na mshindi atakuwa yuleyule kila siku.

Kuhusu kuiamini: kwa michezo na majaribio ya darasani, sawa. Kwa zawadi zenye thamani, hapana. Akipata namba moja tu kamili iliyotolewa, mtu mwenye kikokotoo atajua zote zinazofuata, na kama programu inaanzia saa ya kompyuta, anaweza kuchagua sekunde ya kubonyeza. Tumia mashine ya kubahatisha ya mfumo wa kompyuta wenyewe. Kwa Python ni import secrets, kisha secrets.choice(orodha). Andika orodha ya washiriki na uifunge kabla ya kubonyeza, mbele ya mashahidi, na bonyeza mara moja tu.